Kinga ya Kabashana

Jino la Shangazi Mukalushaba ndilo lililofichua mambo. Lilikuwa gego la chini, limeoza mpaka kwenye mzizi, na daktari aliyeling'oa alimwonya asitafune kitu kigumu kwa siku tano. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alianguka jikoni kwake Kabashana. Kipandikizi kilichokuwa chini ya ngozi ya mkono wake kilituma habari hospitalini kabla jirani yeyote hajasikia kishindo.

Aliyekuwa zamu ni Daktari Kemilembe. Aliona jina likitokeza kwenye skrini ya ukutani, akalisoma mara mbili. Mukalushaba alikuwa dada wa baba yake. Tena ni yeye Kemilembe aliyemtia kipandikizi hicho miaka mitatu nyuma, akiwa amepiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, huku wote wawili wakicheka kwa sababu shangazi alikuwa anaogopa sindano kuliko nyoka.

Gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva, lilimfikisha ndani ya dakika ishirini. Midomo ilikuwa imegeuka kijivu. Nesi Advera alimuunganisha na mashine, akatazama mstari wa moyo unavyorukaruka, akasema kwa sauti ya chini, "Mapigo yanakatika, Daktari. Huyu amezidishiwa dawa."

"Haiwezekani. Kipandikizi hakizidishi."

Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Watu wa kando ya ziwa walikuwa wameishi na ugonjwa wa vinundu kwa kizazi kizima. Kirusi chake hujichomeka ndani ya DNA ya mtu kikakaa kimya miaka na miaka, halafu siku moja kinaamka, na shingo na makwapa vinajaa vinundu mpaka mtu anashindwa kumeza mate. Dawa iliyokiweza ilikuwa moja tu, nayo iliitwa Kizibo. Molekuli yake ni bapa kama karata. DNA ni ngazi iliyosokotwa, na Kizibo hupenya katikati ya vidato viwili vya ngazi hiyo, kikajibana hapo, kirusi kisiweze kusomeka tena. Ubaya wake ni mmoja: kikizidi, kinajibana hata kwenye ngazi za misuli ya moyo, na moyo unachoka. Ndiyo maana hakikutolewa kwa vidonge. Kipandikizi kilibeba dawa ya mwaka mzima, kikajazwa upya kila mwaka, kikaonja damu kila saa, kikahesabu vidato vilivyozibwa, kikaongeza au kupunguza dozi chenyewe.

Kemilembe alifungua kumbukumbu za kipandikizi cha shangazi. Kizibo kilichokuwa huru kwenye damu kilikuwa mara tisa ya kiwango salama. Lakini kipandikizi hakikuwa kimeongeza hata tone tangu wiki mbili zilizopita, na tangu jana jioni kilikuwa kimejifunga kabisa.

Kwa hiyo dawa hiyo yote haikuingia leo wala jana. Ilikuwa mle mle mwilini, na mpaka juzi kitu fulani kilikuwa kimeishikilia.

Aliinama karibu na sikio la shangazi. "Shangazi, ni mimi, Kemi. Umekula nini siku hizi mbili tatu?"

Shangazi alifumbua jicho moja. "Nile nini na kinywa hiki? Uji tu. Hata kahawa sijatafuna."

Kabashana, kama vijiji vyote vya mlima ule, kahawa hawakuinywa sana. Waliitafuna. Buni mbichi zilichemshwa na majani ya porini, zikakaushwa juani, zikafungwa kwenye vifurushi vya majani ya mgomba, na mtu mzima wa pale alitembea nazo mfukoni tangu ujana mpaka siku ya kuzikwa. Mgeni hakukaa kitako kabla ya kupewa. Shangazi alitafuna kama thelathini kwa siku.

Kemilembe alisimama wima. Kuna picha ilimjia ambayo hakuwa ameifikiria kwa miaka minane: mchoro wa mwanga uliopita kwenye maji yenye Kizibo na kafeini, na bega dogo, yaani mwinuko wa mstari, upande wa kulia wa mchoro, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na bega.

"Advera, nipe damu yake, matone mawili. Na kafeini. Tunayo wapi?"

"Wodi ya watoto njiti. Tunawachoma wakisahau kupumua." Advera alimtazama vizuri. "Daktari, moyo huu unakwenda mbio hivi, na wewe unataka kuupa kafeini?"

"Kwanza kwenye kioo cha maabara. Lete."

Aliitia damu ya shangazi kwenye kipimo, akasoma, akaongeza tone la kafeini, akasubiri. Kizibo huru kikaanza kushuka. Mara tisa, mara sita, mara nne. Hakikuwa kimepotea popote. Molekuli ya kafeini nayo ni bapa, na ilikuwa imejilaza juu ya molekuli ya Kizibo kama sahani inavyolala juu ya sahani nyingine, na dawa iliyokumbatiwa hivyo haina nafasi ya kupenya kwenye ngazi yoyote.

"Choma," alisema.

Advera hakuchoma. Alimkabidhi bomba la sindano, na Kemilembe akachoma kwa mkono wake mwenyewe. Dakika saba zilipita. Mstari uliruka, ukaruka tena, kisha ukaanza kutembea kama watu wanavyotembea.

Shangazi akaomba maji.

*

Mchana ule ule aliketi mbele ya kumbukumbu za Taasisi ya Nyakashozi, iliyotengeneza Kizibo na iliyomlea yeye tangu akiwa mwanafunzi. Alitaka vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa orodha ya waliokufa Kabashana. Walikuwa wawili kati ya watu mia nne na kumi na wawili. Mzee Kabyemera alikwenda Dodoma kwenye harusi ya binti yake, akafia huko siku ya sita, ugenini, kwa watu wasiotafuna kahawa. Mama Kokwijuka aliingia dhehebu lililowakataza waumini kahawa na pombe. Alizikwa siku ya tisa baada ya ubatizo. Vyeti vyote viwili vilisema moyo ulisimama kwa sababu ya uzee. Sahihi zote mbili zilikuwa za Kemilembe.

Aliangalia dozi za kijiji. Miaka mitatu zilikuwa zikipanda polepole, za kila mtu. Vipandikizi viliona vidato havizibiki, vikaongeza dawa, kahawa ikaikamata, vikaongeza tena. Watu wale sasa walikuwa wamebeba Kizibo cha kuua mara kadhaa, na kilichowaweka hai ni kile walichokitia mdomoni kila baada ya saa mbili.

Cha pili kilikuwa utafiti wake wa zamani. Enzi hizo alikuwa anaishi nyumbani kwa Profesa Leokadia, mkuu wa Taasisi, akila mezani kwake na kumwita Mama, kwa sababu mama yake mwenyewe alikuwa ametangulia. Alipompelekea ule mchoro wenye bega kwa furaha, Profesa aliuangalia kwa muda, akamrudishia. "Chombo kilikuwa kichafu, mwanangu," alimwambia. "Mwanzoni kila mtu anaona anachotaka kuona." Kemilembe aliitupa sura nzima ya tasnifu yake. Aliamini hana mikono ya maabara, akaomba kazi ya vijijini, kwenye watu, ambako Profesa alisema ndiko kipaji chake kilipo.

Mashine ilitafuta, ikajibu, "Jedwali hilo limeambatanishwa kwenye faili jingine. Faili linaitwa Mpango wa Kinga. Kwa kuwa wewe ni mwandishi wa jedwali, unaruhusiwa kulisoma."

Alilisoma lote, kurasa arobaini na tatu. Ukurasa wa pili ulikuwa na mchoro wake, bega likiwa pale pale, na chini yake maneno: matokeo sahihi, yamerudiwa mara tano. Tarehe ilikuwa wiki moja baada ya siku aliyoambiwa chombo kilikuwa kichafu. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na orodha ya vijiji. Mbele ya Kabashana paliandikwa: watafunaji wa kahawa wa kudumu, wanafaa kupima kinga kwa dozi kubwa. Ukurasa wa kumi na mbili ulizungumza habari zake yeye. Msimamizi wa kijijini asijulishwe. Anaaminiwa na wenyeji, na akijua atasema.

Alirudia sentensi hiyo mpaka maneno yakaacha kuwa maneno. Kisha akazima ukuta, akakaa na mikono yake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa.

*

Profesa Leokadia alikuwa ofisini, akila senene wa kukaanga kutoka kwenye kopo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na bado alipanda ngazi za ghorofa nne kwa miguu. Alimsogezea Kemilembe kopo kabla hata ya kumtazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia shangazi yako amepona. Nimesikia na ulivyomponya." Alifunga kopo. "Basi umelisoma."

"Nimelisoma."

"Keti."

Kemilembe hakuketi. "Uliniambia chombo kilikuwa kichafu."

"Nilikwambia hivyo."

"Nililia siku tatu nyumbani kwako. Ulinipikia supu."

"Nakumbuka." Profesa alivua miwani. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshikwa. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja. "Sikukudanganya ili nikuibie, Kemi. Jina lako lipo ukurasa wa pili, na siku ikifika lingetangazwa mbele ya langu. Nilikudanganya ili uende kijijini. Sikuwa na mtu mwingine ambaye Kabashana wangemfungulia mlango."

"Wewe mwenyewe ni wa mlima ule. Ulitafuna kahawa kabla hujajua kusoma."

"Ndiyo maana nilijua pa kutafuta." Aliegemea mbele. "Sikiliza. Dozi inayomaliza vinundu vilivyokwisha kuamka inaua moyo. Umewaona wale wa Mwanza, umewafumba macho kwa vidole vyako. Nilihitaji kujua kama kinga ya kahawa inaweza kubeba dozi ile ndani ya mtu aliye hai, si kwenye kioo. Panya hajatafuna kahawa miaka arobaini. Watu wetu wametafuna. Na jibu ni ndiyo, Kemi. Inabeba: kahawa inaiachia dawa kidogo kidogo, inatosha kwa vinundu, haitoshi kuua moyo. Wagonjwa wote wa Kabashana waliokuwa na vinundu wamepona, wakati kwingine wanakufa. Baada ya siku tatu Kamati ya Dawa inakaa, na ikipitisha, dozi kubwa na kinga yake vitakwenda pamoja kwa kila mgonjwa wa ziwa zima."

"Ungewaambia."

"Ningewaambia, yule angetafuna zaidi, yule angeacha, na nisingejua kitu."

"Mzee Kabyemera aliacha. Mama Kokwijuka aliacha."

Profesa alilisogeza kopo kando. Kisha alisema, "Hao nimewalilia."

"Mimi niliandika uzee."

"Uliandika ulichojua." Alirudisha miwani usoni. "Sasa nakuomba jambo. Unataka kutangaza, naliona. Ukisimama pale kijijini ukasema kahawa na dawa vimeshikana, nusu yao wataitema kahawa kabla hujamaliza sentensi, kwa hofu au kwa hasira. Utawaua wewe, na hautakuwa uzee. Nipe siku arobaini. Naviamuru vipandikizi vipunguze dozi polepole, hakuna atakayehisi, hakuna atakayekufa, na dawa haitapotea. Siku arobaini za kunyamaza, basi."

Kemilembe alikuwa amekuja na maneno mengi. Hakuna hata moja lililojibu hayo, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi, kwamba mama huyu, hata sasa, alikuwa anafikiri vizuri kuliko yeye.

"Nitafikiri," alisema.

"Ndivyo nilivyokulea," Profesa alijibu.

*

Alifikiri njiani, akafikiri kando ya kitanda cha shangazi, na kadiri alivyofikiri ndivyo siku arobaini zilivyoonekana fupi na za busara. Kupona kwa wagonjwa hakukuwa jambo la kutunga. Aliwaona kwa macho yake. Hofu ya kuwaua watu kwa ukweli nayo haikuwa ya kutunga. Alikuwa karibu kabisa kukubali pale Nesi Advera alipoingia na daftari la miadi.

"Yule Mzee Ishebabi wa Kabashana," Advera alisema, "ana upasuaji wa ngiri keshokutwa. Nimempigia simu sasa hivi kumkumbusha. Kuanzia kesho mchana asile, asinywe, asitafune kitu."

Dozi ya Ishebabi ilikuwa kubwa kuliko zote kijijini, na bila kahawa asingemaliza hata siku moja. Kemilembe alimtazama nesi huyo, asiyekuwa na kosa lolote na ambaye alikuwa ametoka kumhukumu mtu kifo kwa adabu zote.

"Ungemwambia vipi," aliuliza polepole, "kama ungejua?"

"Kama ningejua nini?"

Akamweleza. Advera alisikiliza akiwa amesimama, na mwisho akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo alilowakataza wanafunzi wake siku zote. Shangazi Mukalushaba alikuwa amelala, au walidhani amelala.

"Siku arobaini," Advera alisema. "Kwa watu mia nne na kumi. Kila wiki mmoja anaumwa jino, mmoja anasafiri, mmoja anafunga na kusali. Utakimbia nyumba ngapi, Daktari, ukiwazuia bila kuwaambia kwa nini?"

Alimpigia Ishebabi simu, akafuta upasuaji. Kisha akampigia mwenyekiti wa kijiji, akaomba mkutano wa asubuhi.

*

Walikusanyika saa tatu kwenye ghala la chama cha wakulima wa kahawa, kwa sababu ndilo jengo pekee lililowatosha. Wengine walikaa juu ya magunia. Walimwamkia kwa furaha, wakampisha mbele, na bibi mmoja akamuuliza hali ya shangazi yake.

"Anaendelea vizuri," Kemilembe alisema. "Kabla sijasema neno jingine, naomba kila mwenye kipandikizi atie buni mdomoni. Asiye nazo apewe na mwenzake. Nitangoja."

Walicheka, wakidhani ni utani wa ukarimu. Mifuko ikafunguliwa. Alingoja mpaka taya zote zikawa zinakwenda, akahesabu kwa macho, safu kwa safu, na hapo ndipo alipoanza.

Aliwaeleza bila kuzungusha. Kwamba dawa iliyo ndani yao imezidi. Kwamba kahawa ndiyo imeishika isifike moyoni. Kwamba atakayeacha kahawa ghafla ndani ya siku arobaini zijazo atakufa, na atakayetoa kipandikizi leo haitamsaidia, maana dawa imeshaingia. Kila baada ya saa mbili, buni tatu, hata usingizini waamshane. Alisema kijiji kilichaguliwa kwa sababu hiyo, na kwamba Taasisi ilijua tangu mwanzo.

Walitafuna, na sauti ya kutafuna ikawa ndiyo sauti pekee ndani ya ghala.

Mama Paskazia, mjane wa Kabyemera, alisimama nyuma. Alikuwa mwanamke mrefu aliyezoea kusikilizwa. "Mume wangu alikwenda harusini mzima," alisema. "Nilikuja kwako na karatasi ya mochwari. Ulinishika mkono, ukaniambia ni uzee."

"Ndiyo, Mama. Niliandika hivyo."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Kemilembe aliukumbuka mchoro wenye bega, ambao aliutupa kwa sababu mtu mmoja alimwambia autupe. "Hapana," alisema. "Sikuuliza."

Mzee Ishebabi aliinuka kutoka kwenye gunia lake. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alitema buni zake sakafuni, moja moja, akimwangalia machoni.

"Tulikupa kahawa kila nyumba," alisema. "Wewe ulikuwa unahesabu."

Akatoka. Kemilembe alimfuata mpaka uani, akimwita, lakini hakugeuka, akaingia kwake na kufunga mlango kwa komeo.

Aliketi nje ya mlango huo tangu asubuhi hiyo. Alibisha, akaeleza, akanyamaza, akaeleza tena. Kutoka ndani hakupata jibu ila sauti ya randa ikipita juu ya mbao. Jua lilipopinduka, randa ilianza kusimama mara kwa mara, kama anayesukuma anavuta pumzi. Kabla ya alasiri ikanyamaza kabisa. Vijana wa kijiji walitaka kuvunja mlango, lakini alitoka Mama Paskazia katikati yao, akawasogeza kwa kiganja, akakaribia dirisha.

"Ishebabi," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kabyemera alikufa hajui kitu. Wewe unajua. Ukifa leo utakuwa umeniachia mimi kazi ya kuwaelewesha watoto wako, na mimi nimechoka na misiba. Fungua."

Ilipita kama dakika moja. Komeo likasogea. Ishebabi alikuwa anashikilia fremu ya mlango, jasho likimtiririka, midomo ya kijivu. Kemilembe alikuwa na sindano tayari. Ishebabi alimnyooshea mkono Paskazia badala yake, na Paskazia ndiye aliyemshika, akamketisha kizingitini, akamwambia atulie achomwe.

"Si kwa ajili yako," Ishebabi alimwambia Kemilembe sindano ilipoingia.

"Najua, Mzee."

Walipokuwa wakisubiri moyo utulie, Paskazia alisema, "Hiyo Kamati yenu inakaa lini?"

"Keshokutwa."

"Nitakwenda kusema. Nitalitaja jina la mwalimu wako. Na lako nitalitaja."

"Litaje, Mama."

*

Alilitaja. Alisimama mbele ya watu kumi na watano wa Kamati na kuvuta maneno yake taratibu, bila karatasi, akisema nani alileta kipandikizi, nani aliandika uzee, nani aliandika asijulishwe. Profesa Leokadia alikuwa safu ya mbele. Aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli, kisha akaeleza idadi ya waliopona na idadi ya watakaokufa, kwa ufasaha uleule uliowafanya wanafunzi wa vizazi vitatu watamani kuwa yeye. Wajumbe wawili walilia wakimsikiliza, na si kwa sababu ya Kabyemera.

Kizibo kilisimamishwa kwa dozi kubwa mpaka kifanyiwe utafiti upya, kwa watu watakaoelezwa kila kitu. Walisema miaka minne, labda mitano. Profesa aliondolewa Taasisi. Kemilembe alinyang'anywa cheti cha kusimamia tiba kwa mwaka mmoja, akaruhusiwa kumaliza zile siku arobaini tu, chini ya Nesi Advera.

Katika korido, Profesa alipita karibu yake akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alisimama.

"Nilikulea," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alisubiri kitu zaidi. Kemilembe naye alisubiri kitu zaidi kutoka kwake. Hakuna aliyekipata, na mlango wa nje ukafunguka wenyewe na kujifunga.

Siku arobaini zilipita bila mtu kufa. Kabashana waliamshana usiku na mchana kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na wakamkataza Kemilembe kuingia ndani. Maelekezo aliyatoa barabarani, na wao wakayapokea wakiwa wamesimama. Dozi zilishuka mpaka kiwango cha kawaida, kile kidogo, kinachozuia kirusi kuamka lakini kisichoweza kukirudisha kulala kikishaamka.

Miezi mitano baadaye vinundu vilirudi kwa watu kumi na tisa. Shangazi Mukalushaba alikuwa mmoja wao. Alikigundua cha kwanza mwenyewe, chini ya taya, alipokuwa anajipaka mafuta.

Shangazi hakuwa amemfungia mlango. Alikuwa amejiegemeza kitandani, kitambaa kimezungushwa shingoni, Kemilembe alipofika na kuketi karibu.

"Siku ile hospitalini sikuwa nimelala," shangazi alisema. "Nilisikia mlivyoongea na nesi. Kuhusu zile siku arobaini za kunyamaza."

"Sikujua kama unasikia."

"Nakuuliza sasa. Kama ungenyamaza, na dawa ile kubwa ikabaki, hiki kingerudi?"

Alikuwa na majibu mengine mikononi. Angeweza kusema hakuna ajuaye, na lisingekuwa uongo mtupu. Shangazi alikuwa anamtazama kwa subira, kama alivyomtazama alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Huenda kisingerudi," Kemilembe alisema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alishika kile kinundu kwa vidole viwili, juu ya kitambaa, akakiachia.

"Mwalimu wako asingenijibu hivyo."

"Asingekujibu hivyo."

"Na ningeshukuru." Aligeukia ukutani, akavuta shuka mpaka begani. "Niache peke yangu mpaka jioni, mwanangu. Sijakasirika. Nataka tu nisionwe."

Kemilembe alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake bila kuufunga, akaketi kwenye ngazi za baraza kungoja jioni.